Mgala Muue na Haki Yake Mpe: Uhifadhi wa Wanyamapori na Uhuru wa Mtu

Wenyeji wa pwani ya Kenya wana methali isemayo, "Mgala muue na haki yake mpe." Jina hilo la Mgala, ambalo Waoromo wenyewe hawalipendi, ni masalia ya enzi za uhasama baina yao na watu wa pwani. Hata hivyo, maana ya methali ingali palepale: adui naye ana haki, na haki hiyo haifutwi na uadui. Makala haya yanaitumia methali hiyo kulitazama suala ambalo kwa nadra hutazamwa kwa jicho la haki, nalo ni historia ya uhifadhi wa wanyamapori nchini Kenya na nafasi ya uhuru wa mtu binafsi katika historia hiyo. Hoja inayotetewa ni moja. Katazo ambalo mtu ameshiriki kuliweka humlinda mnyama na kumwacha mtu huru. Katazo aliloletewa na mwingine humfanya mkosaji katika ardhi ya babu zake, na hatimaye hata mnyama hapati nafuu.

Mtaa wa Mikindani, ulioko bara magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, ni mahali panapofaa kuanzia. Upande mmoja wa mtaa huu hauko mbali na barabara kuu iendayo Nairobi kwa kupitia Tsavo. Upande wa pili kuna hori ya Tudor na mikoko yake. Mkazi wa Mikindani akishuka ufukweni na kukata kuni za mkoko bila kibali huwa amevunja sheria, kwa kuwa misitu ya mikoko nchini iliwekwa chini ya mamlaka ya serikali tangu mwaka 1932. Ng'ambo ya maji hayohayo, katika mtaa wa Tudor kisiwani, polisi walinasa zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu katika yadi ya magari mnamo Juni 2014. Mwenye shoka na tita la kuni, na mwenye shehena ya pembe, wote huitwa waharibifu wa maliasili. Swali ni iwapo sheria ya uhifadhi imewahi kuwapima kwa mizani moja.

Ni kosa kudhani kwamba uhifadhi uliletwa na mkoloni. Safari fupi kutoka Mikindani kupitia Jomvu humfikisha mtu Rabai, penye mojawapo ya kaya za Wamijikenda. Misitu hiyo ya kaya, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, imesalia hadi leo kwa sababu ya miiko iliyosimamiwa na wazee. Haikuruhusiwa kukata mti ovyo ndani ya kaya wala kuingia humo bila utaratibu. Aliyekiuka alitozwa mbuzi au kuku, akafanyiwa tambiko, kisha akarudi nyumbani kwake na kuendelea na maisha. Huenda pakatokea msomaji wa kuuliza: je, miiko hiyo nayo haikumnyima mtu uhuru? Ilimnyima uhuru wa kukata mti, naam. Lakini mkosaji aliwajua waliomhukumu, alizijua sababu za mwiko, na umri ukimfikisha naye angeketi katika baraza hilohilo. Katazo lilikuwa lake pia. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya nidhamu na utumwa.

Uhifadhi wa kikoloni ulisimama juu ya msingi mwingine. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakiitawala Afrika yalikutana London na kutia saini mkataba wa kulinda wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Hapana Mwafrika aliyeshirikishwa. Sheria zilizofuata katika himaya ya Afrika Mashariki hazikukataza uwindaji, bali ziliugawa. Mwenye uwezo wa kulipia leseni aliruhusiwa kuua kwa bunduki, ilhali mwenye upinde, mtego au shimo alihesabiwa kuwa mkatili na mwizi. Mfano ulio wazi zaidi ulipita jirani kabisa na Mikindani. Mnamo Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, aliteremka Mombasa na kupanda treni kuelekea bara. Reli hiyo ilivuka Makupa, ikapita Changamwe na Mazeras hadi nyika ya Taru. Kwa sehemu kubwa ya safari alikaa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya garimoshi ili awaone wanyama vizuri. Safari yake ilipokwisha, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512, ndovu 11 miongoni mwao. Dunia ilimsifu kuwa mpenda maumbile. Laiti mwenyeji wa Taru angeua ndovu mmoja kwa mshale mwaka huohuo, angekuwa mhalifu.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuitafakari historia hii, kwa kuwa athari yake imo katika msamiati. Lugha yetu ilikuwa na neno msasi, yaani mtu anayefanya kazi ya kuwinda, kazi iliyokuwa na miiko na heshima yake. Baadaye neno jangili, linalonasibishwa na Kihindi katika maana ya mambo ya porini, lilishika kazi ya kumtaja mwindaji asiye na leseni. Hakuna kilichobadilika katika mikono ya mtu huyo, upinde ni uleule na pori ni lilelile. Kilichobadilika ni karatasi iliyoandikwa mjini. Usiku alilala msasi, asubuhi akaamka jangili. Katika matumizi ya leo neno hilo halitenganishi aliyeua swara ili watoto wale na aliyekodisha genge lenye bunduki za rashasha ili kujaza kontena. Lugha ikiacha kutofautisha mambo, haishangazi mahakama nayo ikishindwa kuyatofautisha.

Watu walioonja mabadiliko hayo kwa uchungu mkubwa zaidi ni Waata, ambao majirani wao waliwaita Waliangulu au Wasanye. Ni jamii ndogo yenye lugha iliyo karibu na Kioromo, na kwa karne nyingi iliishi kwa kuwinda katika nyika iliyo nyuma ya pwani, kuanzia maeneo ya Tsavo hadi mto Galana. Upinde wao ulikuwa miongoni mwa pinde zenye nguvu zaidi duniani, na mshale uliopakwa sumu uliweza kumwangusha ndovu. Pembe walizopata ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na kwa njia hiyo sehemu ya utajiri wa miji ya pwani ilitoka mikononi mwao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo. Mbuga hiyo, ambayo baadaye iligawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kwa Waata tangazo hilo lilimaanisha kwamba nyumba, ghala la chakula na makaburi vimekuwa mali ya mwingine.

Mnamo 1956 na 1957, nchi ikiwa ndani ya Hali ya Hatari, wasimamizi wa Tsavo wakiongozwa na David Sheldrick waliendesha operesheni kubwa ya kuwakamata wawindaji hao. Baadhi ya maofisa walikuwa wametoka kupigana na Mau Mau, na ujuzi wa kuhoji watu na kukusanya habari walioupata huko waliutumia nyikani. Kwa kipimo cha kiaskari operesheni ilifaulu, kwani wawindaji wengi walifungwa na biashara ya pembe ikavurugika. Lakini izingatiwe kwamba Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957. Kwa hiyo Waata walifungwa kwa sheria ambayo hapana mjumbe yeyote waliyemchagua aliyeijadili. Katika riwaya ya Kusadikika, ambayo Shaaban Robert aliichapisha mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Pamoja na udhalimu wote wa nchi hiyo ya kubuni, Karama anapewa siku kadhaa za kujieleza mbele ya baraza. Mwata wa mwaka 1957 alihukumiwa kwa kitabu asichokijua, na mwenyewe hakuulizwa kamwe ni kipi kilicho haki katika pori hilo.

Haki inataka pia upande wa pili usikilizwe. Wasimamizi wale hawakuwa watu wasiojali, na baadhi yao walitambua kwamba wamewavunjia Waata maisha yao. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga, ambao ulikusudiwa kuwapa Waata nafasi ya kuwinda kihalali na kunufaika na mapato. Lakini ulikuwa mpango uliobuniwa na wengine kwa niaba yao. Haukuwashika wala wao hawakuushika, na ardhi ile ikaishia kuwa ranchi. Kisha ukame wa 1970 na 1971 ulipoipiga Tsavo, maelfu ya ndovu walikufa kwa njaa ndani ya mbuga iliyotengwa kwa ajili ya kuwalinda. Nyama iliozea nyikani, na watu waliokuwa wakiishi kwa nyama hiyo walikatazwa kuigusa.

Yaliyofuata yanawapa nguvu wanaoamini mkono wa chuma, na hoja yao haifai kupuuzwa. Inakadiriwa kwamba Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000 tu. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 haikuuzuia mteremko huo. Mwaka 1988 serikali iliamuru majangili wapigwe risasi waonekanapo. Mwaka uliofuata, Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe, na biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maarufu kama KWS, nalo likaundwa. Idadi ilianza kupanda tena, na hesabu ya mwaka 2021 iliwapata ndovu 36,280 nchini kote. Askari wengi wa wanyamapori walipoteza maisha katika mapambano hayo. Anayeshinda kivulini hana budi kuwakumbuka kabla ya kuwalaumu.

Pamoja na hayo, tarakimu hizo zinasema jambo jingine zikisomwa kwa utulivu. Ndovu zaidi ya laki moja na nusu hawakumalizwa kwa mishale ya Waata, kwa sababu Waata walikuwa wamekwisha kufungwa na kutawanywa miaka kumi na mitano kabla. Waliangamizwa na ukame, na bunduki za kisasa, na walanguzi waliokuwa na njia ya kuzifikisha pembe Hong Kong na kwingineko. Mshale haujazi kontena. Aliyeijua kila njia ya Tsavo, aliyeweza kumtambua mgeni kwa unyayo wake, alikuwa ameondolewa na kufanywa adui. Uhifadhi ulipomnyima mwenyeji uhuru wake ulijinyima mlinzi. Vilevile, amri ya kumpiga mtu risasi aonekanapo ilifuta kwa mkupuo mmoja kitu ambacho hata mwizi wa kuku hapaswi kunyimwa, yaani fursa ya kusema, "Siye mimi." Methali yetu imekwisha kulisemea hilo: hata anayeuawa ana haki yake.

Kesi iliyotokana na pembe za Tudor inaonyesha fursa hiyo inavyofanya kazi inapokuwapo. Mnamo Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu mfanyabiashara mmoja kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Wapenzi wa wanyama walishangilia. Agosti 2018 Mahakama Kuu ilisikiliza rufaa, ikaona kasoro katika ushahidi na mwenendo wa kesi, ikamwachilia huru. Wengi walikasirika. Hasira hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipostahili. Mahakama iliyokataa kumfunga mtu kwa ushahidi wenye kasoro ilitenda kazi yake, kwani mtu huhesabiwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. La kusikitisha ni kwamba kinga hiyo hupatikana kwa urahisi na mwenye uwezo wa kulipa mawakili. Mchunga ng'ombe aliyekamatwa na mnofu wa paa, au mwanamke wa ufukweni mwenye tita la mkoko, hukiri kosa asubuhi kwa kuwa hana wakili wala nauli ya kurudi mahakamani wiki ijayo. Tusiombe tajiri apunguziwe haki. Tuombe maskini apewe kiasi kilekile.

Katiba ya mwaka 2010 inatoa msingi wa ombi hilo. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa uadilifu na kupata mkalimani iwapo haifahamu lugha ya mahakama. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Aidha, vyombo vya Afrika vimekwisha kulisema neno. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliwapa ushindi Waendorois, waliohamishwa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Utekelezaji umejikokota, lakini kanuni imewekwa: uhifadhi si hoja ya kutosha ya kumfukuza mtu kwao.

Kwa upande mwingine, serikali yenyewe imeonyesha kwamba mipaka ya mbuga si mitakatifu panapokuwa na haja kubwa. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017, ambayo stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, kitambo kidogo kutoka Mikindani, inapita ndani ya Tsavo na kukatiza Mbuga ya Nairobi. Yumkini ilikuwa lazima. Lakini ikiwa ulazima wa nchi unaweza kupimwa na kujadiliwa, ulazima wa mkulima wa Taita ambaye shamba lake limekanyagwa na ndovu usiku kucha unastahili kupimwa pia. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Familia nyingi zimeingoja ahadi hiyo kwa miaka. Faini ya mwananchi hulipwa papo hapo, ilhali fidia yake huwekwa katika faili.

Turudi ufukweni Mikindani. Mikoko ya hori ya Tudor imeathirika vibaya kutokana na ukataji wa kuni na boriti, maji taka ya mji na mchanga uliosombwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hakuna anayeweza kudai kwamba uhuru wa mtu ni uhuru wa kuimaliza. Mvuvi anayetegemea samaki na kaa wanaozalia humo naye ana uhuru wake, na shoka la jirani linaweza kuuvunja sawa na amri ya serikali. Uhuru unaohitajika ni ule wa kaya za Rabai, yaani uhuru wa kuketi katika baraza linaloamua. Sheria za misitu tangu mwaka 2005 zimeufungua mlango huo kwa kuruhusu vyama vya jamii kushirikiana na serikali. Kule Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato wameyaelekeza kwenye maji na shule. Gazi mkoko unalindwa na watu wanaoujua kuwa ni wao. Mikindani nako wapo vijana na akina mama wanaopanda miche kwenye tope la hori. Wanastahili kupewa sauti katika usimamizi, wasihesabiwe kuwa vibarua wa kupanda tu.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, sheria na mahakama zitenganishe bayana kosa la kujikimu na kosa la biashara, ili adhabu ilingane na tendo. Pili, msaada wa wakili uwafikie washtakiwa maskini wa kesi za wanyamapori na misitu kabla ya kukiri kosa. Tatu, na hili linawahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili, sheria hizo zitafsiriwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu hawezi kuwa huru chini ya sheria asiyoweza kuisoma. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuianza kazi hiyo, hata kama ni kwa vifungu vichache vinavyomgusa mkazi wa Mikindani na wa Taru. Katika kazi hiyo neno msasi lirudishiwe mahali pake, na jangili apewe maana inayomstahili.

Waata walionyimwa haki yao wengi wamekwisha kufariki, na uhuru wa miguu yao nyikani hautarudi kama ulivyokuwa. Wajukuu wao wapo, ndovu nao wapo. Ikiwa vizazi vyote viwili vitadumu, vitadumu pamoja.